Jinsi ya kuchukua sampuli za ugonjwa wa miguu na midomo bila kuua kirusi njiani

Zizi zima linachechemea na kudondosha mate, halafu maabara inajibu kwamba haikuona kitu. Mara nyingi kosa haliko maabara. Kirusi kilifia kwenye kichupa kabla hakijafika. Kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo ni kigumu kwa mambo mengi, lakini asidi hakiiwezi: pH (kipimo cha uasidi) ikishuka chini ya 6.5 ganda lake la protini linavunjika, na ikipanda kupita 9 nako kinakufa. Karibu kila tahadhari utakayoisoma hapa inatokana na udhaifu huo mmoja.

Jambo la pili ni aina za kirusi. Serotaipu ziko 7: O, A, C, Asia 1, SAT 1, SAT 2 na SAT 3, na C haijaonekana tangu 2004. Ng'ombe aliyepona O anaweza kuugua A mwezi unaofuata, na chanjo ya serotaipu moja haikingi nyingine. Kwa hiyo jibu la "ni ugonjwa wa miguu na midomo" peke yake halimsaidii sana anayechagua chanjo. Anataka kujua ni kirusi kipi, na hilo linahitaji sampuli nzuri ya kidonda kibichi.

Huu ni ugonjwa wa kutolewa taarifa. Mamlaka ya mifugo ijulishwe kabla hujafungua begi.

Hatua ya 1: Tengeneza maji ya kusafirishia sampuli

Unahitaji bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ya fosfati ya 0.04 M na gliseroli safi, nusu kwa nusu. Kwa lita moja ya bafa, yeyusha gramu 4.54 za disodiamu hidrojeni fosfati isiyo na maji na gramu 1.09 za potasiamu dihidrojeni fosfati kwenye mililita 900 hivi za maji yaliyotoneshwa, kisha jaza hadi lita 1. Angalia kwenye lebo ya kopo kama chumvi yako ina maji ndani yake. Ikiwa nayo, uzito huo hautoshi na itabidi upige hesabu upya.

Changanya na gliseroli, kisha pima pH ya mchanganyiko wenyewe. Iwe kati ya 7.2 na 7.6. Wengi hupima bafa peke yake na kuridhika, ilhali gliseroli ya zamani au ya daraja la chini inaweza kuvuta pH chini. Kipimo hujibu polepole kwenye kimiminika kizito, basi kisubiri kitulie. Bafa hiyo ikikosekana, maji ya kukuzia seli yanafaa pia, mradi pH ya mwisho iwe ileile.

Ongeza penisilini yuniti 1,000 na nistatini yuniti 100 kwa kila mililita. Bakteria wakizaliana kwenye kipande cha ngozi hutoa asidi, na hapo tumerudi kwenye tatizo lilelile. Tone la rangi ya fenoli nyekundu husaidia sana: kichupa kikigeuka manjano, kimiminika hicho kimwage.

Hatua ya 2: Kabla ya kuingia zizini

Ovaroli, buti za mpira, glavu mbilimbili. Mlangoni weka ndoo mbili: moja ya maji na sabuni kwa kusugulia tope, nyingine ya dawa. Sodiamu kaboneti (magadi ya kufulia) asilimia 4 inafaa, au asidi ya sitriki asilimia 0.2. Chagua moja. Ukizichanganya zinamalizana nguvu na utabaki na maji yenye povu. Dawa nyingi za fenoli zinazonukia vizuri hazimalizi kirusi hiki, hasa penye samadi.

Anza na wanyama wasio na dalili, malizia na wagonjwa.

Hatua ya 3: Pima umri wa kidonda

Hapa ndipo penye ujuzi wenyewe, na ndipo pa kutumia muda wako. Fungua kinywa, tazama ulimi, ufizi wa juu na upande wa ndani wa midomo, kisha inua mguu utazame kati ya kwato na juu ya ukwato. Usisahau chuchu.

Siku ya 1 ngozi hupauka, halafu lengelenge hujitokeza likiwa limejaa maji. Siku ya 2 linapasuka: nyama nyekundu mbichi, kingo kali kama zimekatwa na kisu, na hakuna utando. Siku ya 3 kingo huanza kufifia na utando mweupe-njano hujitandaza. Siku ya 4 utando umejaa na ngozi mpya inaota pembeni. Ikifika siku ya 7 unaona kovu zaidi kuliko kidonda.

Tafuta siku ya 1 na ya 2. Mnyama anayetoa mate kuliko wote si lazima ndiye mwenye sampuli nzuri, kwani mate huendelea kutoka wakati kirusi kimeshapungua kidondoni. Mara nyingi bora ni yule aliyeanza kuchechemea asubuhi hiyo, au mwenye homa bila kidonda cha wazi. Umri wa kidonda kikongwe kuliko vyote uandike pia. Ukiuhesabu kurudi nyuma, pamoja na siku 2 hadi 14 za kirusi kuatamia, unapata kipindi ambacho ugonjwa uliingia.

Kwa kondoo na mbuzi mambo ni magumu zaidi: vidonda ni vidogo na hupona upesi, pengine dalili pekee ni kuchechemea. Wakiwa na makamasi mazito, macho yenye tongotongo na kuhara, fikiria sotoka ya mbuzi na kondoo, na iambie maabara ipime yote mawili.

Hatua ya 4: Chukua ngozi ya lengelenge

Mnyama afungwe vizuri, na kama kuna daktari wa mifugo, ampe mnyama dawa ya kumtuliza. Kinywa kinauma, atapigana. Suuza kidonda kwa maji safi tu. Usipake spiriti wala dawa ya kuua vijidudu.

Lengelenge likiwa zima, vuta maji yake kwa sindano, hata nusu mililita. Hiyo ni dhahabu. Weka kwenye kichupa chake peke yake, bila kuichanganya na kitu. Kisha shika ngozi iliyolegea kwa kibanio na uikate kwa mkasi wenye ncha butu. Ya ulimi mara nyingi huchubuka kwa vidole vyenye glavu.

Lenga gramu 1, takribani kipande cha sentimita 2 kwa 2 cha ngozi ya ulimi. Kitumbukize kwenye maji ya kusafirishia hadi kizame chote. Nyama isijazwe kichupa kizima, kwa sababu bafa kidogo haiwezi kuzuia asidi ya nyama nyingi. Ngozi ya mguuni ioshwe samadi kwanza. Chukua kwa wanyama 3 hadi 5, kila mmoja na kichupa chake, na ubadilishe glavu kila mara. Formalini isikaribie kabisa.

Hatua ya 5: Damu

Mililita 10 kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Iache igande kivulini, tenganisha seramu, ndipo uigandishe. Ukigandisha damu nzima utapata maji mekundu yasiyopimika. Siku za kwanza za ugonjwa seramu haina mengi ya kusema. Thamani yake huja baada ya wiki moja au mbili.

Hatua ya 6: Ute wa kooni, kama vidonda vimepona

Ng'ombe anaweza kubaki na kirusi kooni zaidi ya siku 28, na hapo huitwa mbebaji. Nguruwe habaki nacho. Ute huu huchukuliwa kwa probangi, kikombe kidogo cha chuma kwenye waya mrefu. Mnyama asile usiku kucha. Kipitishe juu ya ulimi hadi mwanzo wa umio, kisugue mara kadhaa, kitoe. Ute ukiwa na majani ya tumboni, mwaga, suuza kinywa, rudia. Mililita 2 za ute ziingie papo hapo kwenye mililita 2 za bafa isiyo na gliseroli, tikisa, kisha gandisha.

Ukigandisha kwa barafu kavu, jihadhari: inatoa gesi ya kaboni dioksidi, na gesi hiyo ikipenya kichupani inageuka asidi. Tumia vifuniko vya kukaza vyenye mpira na uvizungushie utepe. Sampuli nyingi nzuri za ute zimefia hapo.

Hatua ya 7: Andika, funga, tuma

Andika kwa penseli kwenye utepe, maana spiriti hufuta wino. Weka namba ya mnyama, spishi, umri wa kidonda, aina ya sampuli, tarehe ya chanjo ya mwisho na serotaipu zake. Pangusa nje ya kichupa kwa dawa kikiwa kimefungwa.

Ufungaji ni wa tabaka tatu: kichupa, chombo cha pili kisichovuja chenye pamba ya kunyonya, na sanduku gumu la nje. Sampuli za mgonjwa hupewa namba ya kimataifa ya usafirishaji UN3373. Kirusi kilichokuzwa maabara ndicho kinachobeba UN2900. Ngozi ikifika ndani ya siku chache, nyuzi 4 zinatosha. Safari ikiwa ndefu, gandisha, na usiiache iyeyuke na kuganda tena.

Pua na koo za binadamu zinaweza kubeba kirusi kwa siku moja au mbili bila yeye kuugua. Kaa mbali na wanyama wengine wenye kwato zilizopasuka kwa siku 3 hadi 5.

Hatua ya 8: Soma majibu kwa akili

PCR (kipimo cha kutafuta vinasaba vya kirusi) ikikubali na kukuza kirusi kukakataa, vinasaba vilifika lakini kirusi kilikufa. Rudi uangalie pH na ubaridi wa safari. Bado serotaipu inaweza kupatikana kwa kusoma mfuatano wa jeni la VP1, mojawapo ya protini za ganda.

ELISA ya antijeni (kipimo cha kutafuta protini za kirusi) ikikataa kwa kidonda cha siku ya 5, usiitegemee, kwani inahitaji kirusi kingi. Kingamwili dhidi ya protini zisizo za ganda humaanisha mnyama aliambukizwa, kwa kuwa chanjo iliyosafishwa vizuri haina protini hizo. Ila ng'ombe aliyechanjwa mara nyingi kwa chanjo isiyosafishwa anaweza kuonyesha jibu hilohilo, na ndiyo maana maabara inakuuliza historia ya chanjo kabla ya kusaini jibu.