Pittsburgh kwa Bajeti Ndogo: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujalipia Chumba

Fungua ramani ya mabasi kwanza, ndipo ufungue tovuti ya vyumba. Wageni wengi hufanya kinyume, wakifuata chumba cha bei ya chini popote kilipo, kisha hela waliyookoa inaishia kwenye teksi. Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, ni mji wa watu takriban 300,000, wa kutosha kuzungukwa kwa basi na miguu. Tatizo ni umbo lake. Mito ya Allegheny na Monongahela inakutana katikati ya mji na kuwa mto Ohio, na pembeni mwa mito hiyo kumesimama vilima. Anayekwenda kusoma, anayekwenda kumwona ndugu, hata anayetoka tawi la Carnegie Mellon lililoko Kigali kwenda kuona chuo mama, wote watakutana na vilima hivyo.

Nauli ndiyo ya kupanga mapema. Kwa viwango vya mwaka 2025, safari moja ni dola 2.75. Ukilipa taslimu, tumbukiza hela kamili kwenye mashine iliyo mlangoni, kwa sababu dereva hana chenji na hakuna konda wa kukurudishia ukifika. Taslimu pia haikupi haki ya kuunganisha: basi la pili unalipa upya. Kadi ya ConnectCard, au tiketi ya simu ya programu ya Ready2Ride, inakuruhusu kubadili mabasi na treni ndani ya saa tatu kwa nauli ileile. Ndani ya saa tatu mtu anaweza kwenda sokoni, kununua mboga na kurudi kwa dola 2.75 tu. Pasi ya siku ni dola 7, inajilipa kwenye safari ya tatu. Pasi ya siku saba ni dola 25, inajilipa kwenye safari ya kumi. Anayekaa wiki nzima achukue ya siku saba bila kusitasita. Tiketi ya simu usiiwashe ukiwa bado umesimama kituoni, maana muda unaanza kukimbia hapohapo. Iwashe basi likishaonekana.

Kutoka uwanja wa ndege panda basi namba 28X. Linafika katikati ya mji, kisha linaendelea hadi mtaa wa Oakland vilipo vyuo, kwa nauli ya kawaida. Uwanja uko mbali na mji, karibu kilomita 30, na teksi ya mtandaoni mara nyingi inapita dola 40 kabla ya bakshishi. Pakua programu na ununue tiketi ukiwa bado kwenye intaneti ya bure ya uwanjani, hasa kama laini yako ya nyumbani haitafanya kazi huko. Ukitua usiku wa manane, angalia ratiba ya 28X kabla hujakata tiketi ya ndege.

Treni ya mji, wenyeji wanaiita T, ni bure katikati ya mji: vituo vya First Avenue, Steel Plaza, Wood Street na Gateway, halafu inapita chini ya mto hadi vituo vya North Side na Allegheny. Ukitaka kufika kwenye viwanja vya michezo upande wa pili wa mto, huna sababu ya kulipa hata senti.

Sasa vilima. Hapa ndipo watu wanaumia, na wanaumia kwa namna ileile kila mwaka.

Ramani ya kawaida ya simu inaonyesha umbali bila kuonyesha mwinuko. Pittsburgh ina seti za ngazi za umma karibu 800, zilizojengwa enzi za viwanda vya chuma ili wafanyakazi washuke kutoka majumbani mlimani hadi kazini bondeni. Nyingi kati yake kisheria ni mitaa kamili: zina jina, zina kibao, na kwenye ramani zimechorwa kama barabara nyingine yoyote. Chukua mgeni aliyepata chumba South Side Slopes, juu ya barabara ya East Carson. Chumba ni safi, mwenye nyumba ni mwema, bei iko chini kwa dola 20 kwa usiku ukilinganisha na Oakland. Ramani inasema ni dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka kituo cha basi. Anashuka Carson na sanduku la kilo 23, anakata kona, na barabara aliyoonyeshwa inageuka kuwa ngazi za zege zenye chuma cha kushikia upande mmoja. Anapanda ngazi sitini, anapumzika, anakuta kuna nyingine. Anafika amelowa jasho na tairi moja ya sanduku imeng'oka.

Hilo la kwanza linavumilika. Gharama inaanza kesho yake. Mabasi ya bondeni yanapita mara kwa mara, lakini ya kupanda mlimani ni machache, na Jumapili yanapungua zaidi. Mgeni akichelewa kidogo anakuta la mwisho limeondoka. Anaita teksi, tuseme dola 12. Asubuhi ana haraka, anaita nyingine. Kwa siku saba hizo ni dola 168, bakshishi haijaingia, na kwenye chumba ameokoa dola 140. Kikija kipindi cha barafu, kati ya Desemba na Machi, hesabu inakuwa mbaya zaidi, maana ngazi nyingi hazisafishwi theluji na mtu mwenye akili zake hazishuki usiku. Mvunjiko wa kifundo cha mguu Marekani, kwa asiye na bima, unaweza kugharimu kuliko tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi.

Kwa hiyo kabla hujalipia chumba chochote, fanya haya. Washa kwenye ramani tabaka la mwinuko, lile lenye mistari ya vimo. Mistari ikisongamana kati ya kituo na nyumba, huo ni mlima. Au omba njia ya baiskeli badala ya miguu, maana programu nyingi za ramani zinaonyesha mchoro wa kupanda na kushuka upande huo. Kisha tazama picha za barabarani, hatua kwa hatua, kuanzia kituo cha basi hadi mlangoni. Picha zikikatika katikati ya mtaa, mara nyingi gari la kupiga picha limeshindwa kupita kwa sababu mbele ni ngazi. Mwisho, muulize mwenye nyumba maswali matatu kwa maandishi: basi namba ngapi linapita karibu, la mwisho Jumapili linapita saa ngapi, na kutoka kituoni hadi mlangoni kuna ngazi ngapi. Akijibu kwamba "ni karibu tu na mjini", uliza tena. Anayemiliki gari anaona kila kitu kiko karibu.

Mitaa inayofaa kulala kwa asiye na gari ni Oakland, Shadyside, Squirrel Hill, Bloomfield na Lawrenceville ya chini karibu na Butler Street. Oakland na Squirrel Hill zina mabasi ya familia ya 61, yaani 61A hadi 61D. Shadyside ina ya familia ya 71. Bloomfield ina 54 na 88, na Butler Street ina 91. East Liberty nayo ina kituo cha P1, basi linalopita barabara yake lenyewe bila foleni hadi mjini. Kwenye barabara za Forbes na Fifth kumekuwa na ujenzi wa njia maalumu ya mabasi na vituo huhamishwa, kwa hiyo soma matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo. Simama kwenye kibao chenye namba ya basi lako na uinue mkono. Ukisimama hatua thelathini mbele, kama ilivyo kawaida kwenye daladala, dereva atakupita. Ukishuka, sema asante kwa dereva. Wenyeji wote wanasema.

Kilima kinachostahili kupandwa ni Mount Washington, na hupandi kwa miguu. Kuna vigari viwili vya reli vinavyovutwa kwa kamba ya chuma: Monongahela Incline, uliofunguliwa 1870, na Duquesne Incline, wa 1877. Vyote vinapokea ConnectCard. Usiende kulipia ziara ya basi la watalii kwa ajili ya mandhari ya mji unayoiona kutoka huko juu. Panda na kimoja, tembea barabara ya Grandview iliyo tambarare juu ya mlima, teremka na kingine. Wa Monongahela uko mkabala na kituo cha treni cha Station Square. Huo mara kwa mara husimama kwa matengenezo, angalia tangazo siku hiyohiyo.

Chakula. Bei ya rafuni si bei ya kaunta. Kodi ya mauzo katika kaunti ya Allegheny, ambamo Pittsburgh imo, ni asilimia 7, lakini Pennsylvania haitozi kodi hiyo kwenye vyakula vingi visivyopikwa wala kwenye nguo za kawaida. Chakula kilichopikwa kinatozwa, na mgahawani ongeza bakshishi ya asilimia 18 hadi 20, kwa sababu mhudumu anaishi kwayo. Hiyo ndiyo tofauti inayofanya jiko la chumbani liwe na thamani kuliko kifungua kinywa cha bure cha hoteli. Nunua kwenye duka la vyakula la Aldi kwa bei ya chini. Kitoroli chake kinataka sarafu ya senti 25 ambayo unarudishiwa. Beba mfuko wako, maana tangu Oktoba 2023 mji umepiga marufuku mifuko ya plastiki ya madukani na wa karatasi unauzwa senti 10 au zaidi.

Jumamosi asubuhi nenda Strip District, barabara ya Penn, mapema kabla haijajaa. Wholey's wanauza samaki, Pennsylvania Macaroni wanakata jibini kwa uzito unaotaka, na Salem's wana nyama ya halali pamoja na chakula cha moto ambacho sahani yake inawatosha watu wawili wasio na njaa kali. Mkate wa Primanti, wenye chipsi na kabeji ndani, ni wa kujaribu mara moja, na gawaneni. Ukiwa mjini wakati wa Kwaresima, kila Ijumaa makanisa na vituo vya zimamoto huuza samaki wa kukaanga kwa mikate mikubwa. Si lazima uwe muumini wa kanisa hilo. Unakaa meza moja na wazee wa mtaa, na hakuna mgahawa utakaokuonyesha mji huo vizuri zaidi.

Vya bure ni vingi: Point State Park kwenye makutano ya mito, Schenley Park, Frick Park, njia za miguu kando ya mito. Maktaba kuu ya Carnegie iko Oakland tangu 1895, na ndani utapata joto, intaneti na choo, kitu adimu barabarani. Makumbusho mawili yaliyo jengo hilohilo, la sanaa na la viumbe, tiketi yake inashuka hadi nusu siku za kazi baada ya saa tisa alasiri, Jumanne yamefungwa. Jirani kuna Cathedral of Learning, mnara wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh wa ghorofa 42. Ukumbi wa chini unaingia bure. Vyumba vya mataifa vilivyo pembeni, yaani madarasa yaliyopambwa kwa mitindo ya nchi mbalimbali, vina kiingilio kidogo, na kimoja ni cha Afrika, kilichojengwa kwa mfano wa ua wa Waashanti. Pale Hill District, nyumba aliyokulia mwandishi wa tamthilia August Wilson, namba 1727 Bedford Avenue, ilifunguliwa kwa umma 2022. Panda 83, usipande kilima kwa miguu.

Kwa watu wa nyumbani: mjini wapo Wabantu wa Kisomali waliopita kambi za Kenya kabla ya kuhamishiwa huko, na wengi wao Kiswahili wanakijua. Ukimpata mwenyeji wa namna hiyo, muulize yeye kuhusu mabasi na maduka kabla ya kuuliza simu. Salimia kwanza, ombi baadaye.

Gari usikodi, maegesho yatakumaliza. Kama lazima uendeshe, ukiona kiti kimewekwa kwenye nafasi ya kuegesha, usikiondoe. Jirani amejiwekea nafasi yake na ugomvi wake ni wa kweli. Kwa mtembea kwa miguu, taa ikiwa kijani subiri kidogo. Madereva wa huko wana desturi ya kukata kushoto mbele ya gari linalokuja, mara tu taa inapobadilika, na hawakutazami.

Viatu vyenye soli ya kushika barafu. Glavu. Bima ya afya ya safari, na usome inalipia kiasi gani. Epuka wikendi za mahafali ya vyuo mwanzoni mwa Mei na za mechi za nyumbani za Steelers, timu ya futiboli ya Kimarekani, vyumba hupanda bei. Juu ya bei ya hoteli kuna kodi ya asilimia 14 au zaidi. Nakala ya pasipoti weka kwenye simu na karatasi nyingine begini. Chaji ya akiba ibebe, kwa sababu tiketi ya basi iko kwenye simu, na simu ikizimika unalipa taslimu tena. Ratiba ya basi la mwisho ipige picha kila siku kabla hujatoka, ya Jumapili kando. Namba ya dharura ni 911, na inapigika hata simu isiyo na salio.