Mipaka ya Ramani ya Pemba kabla ya Kutengeneza Vigae

Wavuvi wa Wesha wanataka ramani inayofunguka kwenye simu bila mtandao, basi kazi huanza na namba 4: kingo za kisanduku. Nje ya kingo hizo hakitengenezwi kigae hata kimoja, yaani kile kipande kidogo cha picha ya mraba ambacho vikipangwa pamoja huunda ramani.

Fungua OpenStreetMap, tovuti ya ramani huria, nenda sehemu ya kuhamisha data, uchore kisanduku kwa mkono. Usibane ukingo kwenye ufukwe. Juu upite Ras Kigomasha, chini umeze kisiwa cha Panza, na magharibi usikiache Misali, maana wavuvi ndiko waendako. Mimi hutumia 39.55, -5.52, 39.92, -4.82.

Ziangalie hizo alama za kutoa. Pemba iko kusini ya ikweta. Ukizisahau utapata vigae vya kusini mwa Ethiopia, na bahari huko hakuna.

Mpangilio nao una ukaidi wake. Programu nyingi hutaka magharibi, kusini, mashariki, kaskazini, kama nilivyoandika hapo juu. QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, hutaka magharibi, mashariki, kusini, kaskazini.

Kisha viwango vya kukuza, yaani ngazi za kuisogeza ramani karibu. Kila ngazi huzidisha vigae mara 4: kisanduku hiki katika ngazi ya 14 ni karibu vigae 600, ya 16 karibu 9,000. Simu zetu nyingi nafasi ni finyu, kwa hiyo kisiwa kizima naishia 14, halafu nakata visanduku vidogo vya ngazi ya 16 kwa bandari za Mkoani na Wete tu. Vigae tengeneza mwenyewe ndani ya QGIS; kuvipakua kwa wingi kutoka seva za OpenStreetMap hakuruhusiwi.