Kabla ya tarehe 20: kuiweka tayari ofisi ya ritani za kodi mjini Tanga

Tarehe 7 ni kodi za mishahara na kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia mlipwaji. Tarehe 20 ni ritani (taarifa ya kodi) ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mwezi uliopita. Mwisho wa Machi ni makadirio ya kodi ya mapato na awamu ya kwanza ya kuilipa, halafu Juni, Septemba na Desemba kwa awamu zilizobaki, na Juni 30 hiyohiyo ndiyo siku ya mwisho ya ritani ya mapato kwa mwenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba. Tarehe hizi mtayarishaji wa ritani anazijua kama namba yake ya simu. Kinachomkwamisha huwa kingine: printa inayotafuna karatasi, risiti iliyofutika, namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu ya mteja ambaye saa hiyo yuko chomboni anavuka kwenda Pemba. Na kwa kuwa sehemu ya mwezi huhesabiwa mwezi mzima kwenye adhabu ya kuchelewa, ubovu wa nusu saa usiku wa mwisho una bei yake. Haya ni ya kukagua wiki ya kwanza ya mwezi, wakati fundi bado anapokea simu.

Anza na risiti, maana ndizo zinazooza upesi kuliko kitu kingine chochote ofisini. Karatasi ya mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kutolea risiti, haichapwi kwa wino. Imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto la kichwa cha mashine. Ikiachwa kwenye dashibodi ya gari juani inageuka nyeusi yote. Ikikutana na plastiki laini, mafuta ya mikono, gundi au dawa ya kutakasa mikono, maandishi yanapauka mpaka yanakwisha. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Risiti inayosafiri kwenye kikapu cha baiskeli kutoka Makorora hadi Chumbageni, jua likiwa wima, haina umri huo.

Adui anayesahauliwa ni selotepu. Mteja kwa nia njema kabisa anabandika risiti zake kwenye karatasi za A4, anazipanga vizuri, anapitisha selotepu katikati. Baada ya miezi michache unafungua faili unakuta mstari mweupe palepale ilipopita, na mara nyingi palepale ndipo ilipokuwa jumla. Waambie wateja wasibandike chochote. Wape bahasha za kaki 12 mwanzoni mwa mwaka, kila moja imeshaandikwa mwezi wake kwa kalamu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini mafaili ya plastiki ya kuonyesha yangalipo, na wateja wanayapenda kwa sababu yanazuia mvua. Kwa mkataba wa pango yanafaa. Kwa risiti, bahasha ya karatasi.

Chini ya risiti ya EFD kuna namba ya uhakiki na alama ya QR. Ukiwa na namba hiyo pamoja na muda uliochapwa, unaweza kuiita risiti kwenye ukurasa wa uhakiki wa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, hata kama karatasi yenyewe imebaki nyeupe. Kwa hiyo bahasha ikifika, kabla ya kujumlisha chochote, ingiza kwenye jedwali tarehe, muda mpaka sekunde, namba ya uhakiki, TIN (namba ya mlipakodi) ya muuzaji na jumla. Muda ndio watu wanaouruka, kisha wanashangaa namba ya uhakiki peke yake haiwafikishi popote.

Ukimaliza hapo tazama upande wa mnunuzi. Risiti isiyo na jina na TIN ya mteja wako ni ngumu kuitetea unapodai VAT ya manunuzi, yaani ile mteja wako aliyolipa aliponunua, hata kama muuzaji alilipa kila senti. Tarehe 19 hairekebishiki tena. Dawa yake ni kadi ndogo, ukubwa wa kadi ya benki, yenye jina la biashara, TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT), mteja amwonyeshe keshia kabla mashine haijachapa. Tengeneza hata nne kwa kila mteja: ya kwake, ya dereva, ya mke au mume, na moja ya kupotea. Risiti za Pemba na Unguja ziwe na bahasha yake tofauti, kwa sababu upande ule mamlaka ni ZRA, ya mapato ya Zanzibar, na mfumo wa risiti ni wao. Zikichanganyika na za Bara utazitafuta kwenye ukurasa wa uhakiki usiohusika nazo.

Kuskani kunachosha kuliko kunavyohitaji kuchosha. Risiti nyingi zina upana wa milimita 57, na kioo cha skana ya A4 kina milimita 210, kwa hiyo zinakaa tatu kwa safu. Zile pana za milimita 80 zinakaa mbili. Risiti fupi 100 ni takribani picha 34, kazi ya saa moja kwa mtu asiyekatishwa na simu. Weka dpi (nukta kwa inchi) 300 na rangi ya kijivu. Ukichagua nyeusi na nyeupe tupu, skana inaamua yenyewe kwamba maandishi yaliyopauka ni uchafu, inayafuta. Usizipitishe kwenye kilisha karatasi cha juu, zinajikunja na kuingia mbili mbili. Na zima feni, au igeuze ukutani, kabla hujazitandaza mezani. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, halafu mteja, mfano 2025-06-manunuzi-01, ili kompyuta izipange zenyewe.

Kwa upande wa mauzo, omba ripoti za Z zote za mwezi, zile mashine inazotoa ikifunga mauzo ya siku, na uzipange kwa namba. Ikiruka moja, iko dukani: chini ya droo, au imefungiwa chenji. Mashine inayofungwa baada ya saa sita usiku hutoa Z yenye tarehe ya kesho yake, hivyo mauzo ya siku ya mwisho ya mwezi yanaonekana kama ya mwezi mpya. Linganisha na tarehe za risiti zenyewe kabla hujamlaumu keshia. Baadaye weka jumla ya Z kando ya taarifa ya benki na ya namba ya kulipia kwa simu. Pengo likiwepo, lipatie maelezo ya maandishi mwezi huohuo, maana mwaka ukipita hakuna atakayekumbuka kwamba ile milioni na nusu ilikuwa mkopo wa shemeji.

Kikokotoo kiwe cha tarakimu 12. Cha tarakimu 8 kinaishia 99,999,999, na mteja aliyelazimika kusajiliwa VAT, ambako kizingiti ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, alishakivuka. Tukiwa hapo kwenye hesabu, kosa la kila siku ni kupiga asilimia 18 juu ya bei ambayo tayari ina kodi ndani yake. Bei ya 118,000 kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 ina kodi ya 18,000, yaani zidisha kwa 18 ugawe kwa 118. Anayepiga asilimia moja kwa moja anapata 21,240, na tofauti ya 3,240 kwenye kila risiti hugeuka mlima ifikapo mwisho wa mwezi.

Printa sasa. Tanga hewa ina maji na chumvi mwaka mzima, na masika ya Machi hadi Mei yanaangukia palepale makadirio yanapochapwa. Karatasi hunywa unyevu, upande mmoja unavimba kuliko mwingine, zinajikunja na kushikana. Rimu ina karatasi 500 na kanga yake ya nje imetengenezwa kuzuia unyevu. Ukiichana yote siku ya kwanza, karatasi 400 za chini zinakaa uchi wiki nzima. Chana upande mmoja, toa za kutumia leo, zilizobaki ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Kabla ya kupakia, zishike mafungu mafungu uzipepete kwa kidole gumba zipate hewa, na usijaze trei kupita alama.

Ikikwama, zima kwanza. Fungua mlango, vuta karatasi kwa mikono miwili, polepole, kuelekea kule ilikokuwa inakwenda. Anayeivuta kinyume anaacha kipande cha ukubwa wa ukucha ndani, na kipande hicho ndicho kitakachokwamisha kurasa kumi zinazofuata. Ikikwama mara kwa mara palepale inapoanza kuchukua karatasi, tatizo ni rola ya kuchukulia: imepata vumbi na kung'aa, haishiki. Ipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowa maji kidogo, uiache ikauke. Mara nyingi hiyo inatosha, na fundi anayependekeza printa mpya kabla ya kugusa rola anafaa kusikilizwa kwa sikio moja.

Kwa ofisi inayochapa kwa mikupuo, printa ya leza inafaa kuliko ya wino. Wino usipotumika wiki mbili hukauka kwenye matundu, na usafishaji wa kichwa unakula wino uleule ulioununua. Leza ina ulafi wake wa umeme, na hapo ndipo ofisi nyingi zinapoua UPS zao, vile visanduku vya betri vinavyoshikilia umeme ukikatika. Sehemu inayochoma tona kwenye karatasi huvuta wati mia kadhaa kwa mkupuo, pengine kufikia 1,000, wakati UPS ya kawaida ya VA 650 haifiki hata wati 400. Ukichomeka leza humo, inapiga kelele na kuzima kila kitu, pamoja na ritani iliyokuwa haijahifadhiwa. Leza ichomekwe ukutani kupitia kilinda umeme. Kwenye UPS weka kompyuta ya mezani na ruta, au kama unatumia laptopu yenye betri nzima, ruta peke yake pamoja na kile kisanduku cha faiba. Hivyo viwili vinakula wati chache sana. Betri ya volti 12 na saa-ampea 7 inaweza kuvibeba saa mbili na zaidi.

Betri hiyo huchoka kwa joto. Ofisi isiyo na kiyoyozi huimaliza mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Ijaribu kila mwezi: fungua kazi isiyo muhimu, chomoa waya ukutani, tazama saa. Ikizima chini ya dakika tano nunua betri, UPS yenyewe bado nzima. Na LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla: ongeza yuniti tarehe 15, usingoje mita ilie. Kupiga tarakimu 20 za tokeni gizani kwa tochi ya simu, mteja akipiga simuni humohumo, ni adhabu isiyo ya lazima.

Intaneti iwe na njia mbili za kampuni tofauti, moja kwenye ruta na nyingine kwenye simu. Lakini isikudanganye. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na nchi nzima ikasota bila kujali laini ya nani ilikuwa mfukoni. Siku kama ile aliyekwisha kuwasilisha ndiye anayelala. Panga wateja wadogo wenye risiti chache wamalizike kabla ya tarehe 12. Wakubwa, ambao lazima watabadilisha kitu, wapate siku zilizobaki.

Kwenye Excel, kabla hujaandika hata neno moja, ifanye safu ya namba ya uhakiki na ya simu kuwa maandishi. Bila hivyo sifuri ya mwanzo ya namba ya simu inamezwa, na namba ya uhakiki yenye tarakimu, herufi E, kisha tarakimu hugeuzwa kuwa namba ya kisayansi. Tarehe ni mtego mkubwa zaidi. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani inasoma 07/06 kuwa Julai 6, kimya kimya, huku 17/06 ikiiacha kama maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa 17. Ukiona ndani ya safu moja tarehe nyingine zimeegemea kulia na nyingine kushoto, acha kazi, rekebisha mpangilio wa kompyuta, ingiza upya. Jedwali la kukokotolea kodi za mishahara lihifadhiwe kwa mwaka wa sheria: Sheria ya Fedha huanza Julai 1, na ritani ya Juni inayowasilishwa Julai hutumia viwango vya Juni.

Zimebaki simu za wateja. Kabla ya tarehe 5, hakikisha namba iliyosajiliwa kwenye TIN ya kila mmoja ndiyo anayoitumia. Wengi walisajili laini ya kijana wa dukani ambaye alishaondoka. Kubaliana na mteja saa ya kuwasilisha ili akusomee namba ya uthibitisho papo hapo, maana haidumu. Mwenye mashamba ya machungwa Muheza mpigie asubuhi kabla hajaingia shambani. Nywila za wateja zisikae kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma ya kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu na wewe. Flashi ya mteja ipite kwenye kinga ya virusi kabla hujafungua faili lolote.

Ritani ikipokelewa, pakua uthibitisho, uchapishe, umtumie mteja pamoja na namba ya malipo. Mwandikie kiasi na siku ya mwisho kwa maneno yake mwenyewe anayoyaelewa, kwa sababu wengi wakiona neno "imepokelewa" wanadhani wamekwisha kulipa. Weka alama nyekundu kwenye orodha yako mbele ya jina lake, na usiifute mpaka akutumie ujumbe wa benki au wa simu unaoonyesha fedha zimetoka.