Msaidizi wa Sauti Anapoacha Kuitikia: Namna ya Kutafuta Kasoro kwenye Simu ya Android

Simu inapoacha kuitikia "Hey Google", wito wa kumwamsha msaidizi wa sauti wa Google (Google Assistant), wengi huizima na kuiwasha, na isipopona hufuta kila kitu kilichomo na kuanza upya. Kuzima na kuwasha hakugharimu kitu na mara nyingine hutosha, lakini kufuta simu nzima kwa ajili ya msaidizi wa sauti ni hatua isiyohitajika ila kwa nadra sana. Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, inafaa kujua kwanza kasoro iko wapi, kwa sababu kati ya sauti yako na jibu kuna hatua tatu: simu kusikia wito, simu kunasa maneno yanayofuata, na maneno hayo kufika kwenye seva za Google kisha jibu kurudi.

Mfungue msaidizi kwa mkono, bila kumwita. Kwenye simu nyingi hutosha kubonyeza na kushikilia kitufe cha kuwashia, au kitufe cha katikati chini ya skrini, au kutelezesha kidole kutoka kona ya chini kuelekea katikati. Sema jambo fupi, kwa mfano kuomba kengele ya saa 12 asubuhi, huku ukiangalia skrini. Asipofunguka kabisa, amezimwa au programu nyingine imechukua nafasi yake. Akifunguka lakini maneno yako yasiandikwe, tatizo liko kwenye maikrofoni au ruhusa yake. Maneno yakiandikwa sawasawa na jibu lisije, tazama intaneti. Na ikiwa kila kitu kinakwenda vizuri kwa mkono ila haitiki anapoitwa, basi kilichokwama ni utambuzi wa wito peke yake.

Hali hii ya mwisho ndiyo inayowachanganya watu zaidi, hasa pale msaidizi anapoitika asubuhi na kunyamaza jioni. Tazama alama ya betri kabla ya jambo lingine lolote. Kiokoa Betri kinapowaka, Android huacha kusikiliza wito, na kwa kuwa simu nyingi zimewekwa zikiwashe zenyewe chaji inaposhuka, mwenye simu hana habari kwamba ni yeye, au aliyemuuzia, aliyeruhusu jambo hilo. Kizime kisha umwite tena.

Sababu ya pili inafanana nayo. Simu za Tecno, Infinix na Xiaomi huja na vidhibiti vyao vya betri ambavyo husimamisha programu zinazofanya kazi chinichini. Nenda kwenye Mipangilio, fungua sehemu ya Programu, chagua Google, kisha sehemu ya betri uiruhusu kufanya kazi bila vizuizi. Zingatia kwamba programu yenyewe ni hii iitwayo Google. Ile ikoni ya msaidizi, ambaye kwenye simu iliyowekwa Kiswahili huandikwa Mratibu, ni njia ya mkato tu, na kuifuta au kuipakua upya hakuponyi chochote.

Ikiwa betri haihusiki, ifundishe simu sauti yako upya. Ndani ya programu ya Google gusa picha ya akaunti yako, ingia kwenye mipangilio ya msaidizi, tafuta Voice Match na uchague kurekodi tena. Fanya hivyo mahali patulivu, feni ikiwa imezimwa, kwa sauti yako ya kila siku na si ile ya kusomea risala.

Lugha nayo hukatiza mambo. Google imeweka Kiswahili kwenye uandikaji kwa sauti wa kibodi yake tangu 2017, lakini Google Assistant wa simu hakuwekewa lugha hiyo. Kwa hiyo kibodi kukuelewa unapoamuru ujumbe kwa Kiswahili hakumaanishi kwamba msaidizi naye atakuelewa. Gemini, msaidizi mpya ambayo Google ilitangaza mwaka 2025 kwamba itachukua nafasi ya Assistant kwenye simu, inakifahamu Kiswahili, ila inahitaji Android 10 au zaidi na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isiyopungua GB 2. Kama uliipakua Gemini na mambo yakabadilika tangu hapo, fungua orodha ya programu chaguomsingi na uhakikishe msaidizi aliyechaguliwa ndiye unayemtaka.

Kwa upande wa maikrofoni, anza na ruhusa ya programu ya Google. Kisha, kwa Android 12 na kuendelea, shusha paneli ya juu uone kama swichi ya maikrofoni ya simu nzima imezimwa, kwani huguswa kwa bahati mbaya. Zima Bluetooth pia, maana simu iliyoungana na spika ya chumba cha pili huenda inasikiliza huko. Baada ya hapo jirekodi kwa kinasa sauti na usikilize. Simu nyingi zina maikrofoni zaidi ya moja, hivyo kusikika vizuri unapopigiwa si ushahidi kwamba zote ni nzima. Tundu lililo karibu na mlango wa chaji lisafishwe kwa mswaki laini na mkavu. Sindano hutoboa utando wa ndani.

Intaneti ni rahisi: fungua ukurasa wowote, na usipofunguka, angalia bando au Wi-Fi iliyoungana bila kuwa na mtandao. Ukifunguka na msaidizi bado kimya, futa akiba (cache, faili za muda) ya programu ya Google, isasishe kupitia Play Store, na kama tatizo lilianza mara baada ya sasisho, ondoa masasisho yake kisha uyaweke upya.

Ikiwa hata kinasa sauti kinatoa mkwaruzo au ukimya, peleka simu kwa fundi na umweleze hivyo waziwazi, ili aanze na maikrofoni badala ya kupakia upya mfumo wa simu na kukupotezea picha na namba.