Kabla hujahamia chumba kipya na mtoto mwenye pumu

Dalali akikupeleka kuona chumba wengi wetu tunauliza maji, luku na choo basi, ila kama una mtoto mwenye pumu naomba kwanza ufungue makabati ya jikoni na uinamie chini ya sinki na tochi ya simu. Ukiona vidoa vyeusi kwenye bawaba na kwenye kona kama kahawa iliyosagwa, hapo kuna mende, na usiridhike ukiambiwa tulishapuliza dawa, manake kinachombana mtoto kifua ni kinyesi chao, mate, magamba wanayovua na mizoga, vyote vinasagika vinakuwa vumbi hata mende wenyewe wakishakufa. Utafiti uliotoka Marekani 1997 kwa watoto wa mjini wenye pumu ulionyesha wale wenye aleji ya mende na vyumba vyao vina mende wengi walikuwa wanalazwa hospitali zaidi ya mara 3 ya wenzao.

Kwaiyo omba funguo mapema, usafishe chumba kikiwa kitupu na mtoto asiwepo. Usifagie kavu, futa na kitambaa kibichi chenye sabuni, juu ya makabati na nyuma ya jiko ndo hasa, halafu deki, ziba nyufa, weka jeli ya mende. Mimi dawa ya kupuliza siishauri kabisa kwa nyumba yenye pumu, ule moshi wake wenyewe unaweza kuiamsha pumu. Na baada ya wiki kadhaa weka jeli tena, kifuko kimoja cha wale mende wadogo wa jikoni kina mayai 30 mpaka 40.

Uliza pia kama mpangaji aliyetoka alifuga paka. Aleji ya paka iko kwenye mate na ngozi, akijilamba inakauka inapeperuka inaganda kwenye mapazia na makochi na inakaa miezi hata paka akiondoka, ndo maana kochi au godoro unaloachiwa kwa bei ya kutupa bora ulikatae. Panya nao, mikojo yao darini ni aleji pia.

Shuka zifue na maji ya moto, nyuzi 60, kila wiki, hasa huku pwani kwenye unyevu ambako utitiri wa vumbi, vile vidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo navyo vinaleta aleji, unajaa kwenye magodoro. Siku ya kuhama kung'uta maboksi na ukague nyuma ya friji kabla hujapakia, mende wanasafiri humo humo, na pampu ya pumu ya mtoto ikae kwenye pochi yako, isipande kirikuu na vyombo.