"Si mbaya, ni hasira tu": kuendesha vikao vya kwanza vya ushauri nasaha

Mwongozo huu ni wa wanaopokea kesi za wanandoa: maafisa ustawi wa jamii, washauri wa makanisani na misikitini, wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi, hata wasimamizi wa ndoa wanaopigiwa simu saa 5 usiku. Kesi yenyewe mnaijua. Mke anasema mume wake si mbaya, ni hasira tu, na mume anakubali upesi kuliko ulivyotarajia. Mwenye hasira akiwa mke, hatua ni hizihizi.

1. Mwone kila mmoja peke yake

Dakika 45 kila mmoja, siku tofauti ikiwezekana. Waambie huo ndio utaratibu kwa kila anayekuja, ili asiyeitwa kwanza asihisi anasengenywa. Anayeogopa hatasema kitu mbele ya anayemwogopa. Na akisema, bili ataikuta nyumbani. Kwa sababu hiyohiyo usimwanzie mume na "mkeo ameniambia". Muulize mke kama simu yake inasomwa na mtu mwingine kabla hujamtumia ujumbe hata wa kumkumbusha kikao.

2. Jua kama ni hasira au ni utawala

Wengi wanairuka hatua hii na kukimbilia mazoezi ya kupumua. Muulize mume: bosi akikufokea, unamtukana? Trafiki akikusimamisha bila kosa, unampiga kibao? Sahani zilizovunjwa mwezi huu zilikuwa za nani, na simu iliyopigwa ukutani ni ya nani? Mwenye tatizo la hasira huwaka popote na huvunja hata vyake. Anayevumilia mchana kutwa kazini kisha akalipukia kwake tu, na vyake vyote vikabaki vizima, breki anazo. Anachagua pa kuzikanyaga.

Kwa mke, acha kuuliza "anakupiga?" kama swali la kwanza. Uliza pesa ya matumizi inatolewaje, ndugu zake walikuja lini mara ya mwisho, anafanya nini akisikia pikipiki inaingia uani. Akijibu kwamba anazima redio, anawaingiza watoto ndani na kukagua kama sufuria zimeoshwa, umeshapata picha. Ongeza kununiwa siku nne, kudhalilishwa mbele ya watoto, kuambiwa "unaota, sikusema hivyo", kutishiwa kurudishwa kwao. Huo ni ukatili wa kihisia hata kama hajaguswa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inautaja ukatili wa kiakili pamoja na wa mwili kati ya mambo yanayoweza kuonyesha kuwa ndoa imevunjika. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani, imeutaja unyanyasaji wa kihisia na wa kiuchumi waziwazi.

Ukikuta utawala, usiwaweke kikao kimoja, na hatua ya 5 iache. Mtu huyo ukimfundisha utulivu atadhibiti sauti yake na ataendelea kumdhibiti mwenzake, safari hii kwa upole.

3. Maswali ya hatari

Amewahi kumkaba shingo? Ametishia kumuua, au kujiua akiachwa? Kuna silaha ndani? Mke ni mjamzito, au anajiandaa kuondoka? "Ndiyo" moja inatosha kusimamisha ushauri wa ndoa na kuanza kupanga usalama: Dawati la Jinsia na Watoto polisi, afisa ustawi wa jamii, na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kama kuna jeraha. Kenya, namba ya bure ya kuripoti ukatili ni 1195. Asikuambie mtu kwamba mume ana haki ya "kumrudi" mkewe. Kifungu cha 66 cha ile Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kimekataa.

4. Daftari

Mpe mume daftari dogo la shule aandike kila anapopandwa na hasira, safu nne: saa, mwili, wazo, nilichofanya. Mfano wa mstari mzuri: "Saa 1:40 usiku. Taya limekaza, masikio ya moto. Nikawaza ananidharau. Nikapiga meza." Mstari unaosema "alinikasirisha" mrudishie aandike upya, kwa sababu huo unamhusu mkewe. Wiki mbili zinatosha kuonyesha mpangilio: njaa, mwisho wa mwezi, pombe. Pombe ikijirudia, mpe maswali 10 ya AUDIT, kipimo cha unywaji wa pombe cha Shirika la Afya Duniani. Alama 8 kwenda juu, mpeleke kituo cha afya kwanza.

5. Pumziko

Pumziko ni kutoka kwenye ugomvi kwa muda, kisha kurudi. Karatasi nyingi za ushauri zinaliandika kwa mstari mmoja: "ondoka eneo la ugomvi". Mstari huo umezaa matatizo mengi kuliko ulivyotatua.

Makubaliano yafanyike siku ya amani, wote wawili wakijua neno, mahali na muda. Anayeomba pumziko ni yule aliyepandwa na hasira, kwa ajili yake mwenyewe. Upotoshaji unaojirudia kuliko wote ni mume kumwambia mke "nenda kapumzike kwanza". Hiyo ni amri, na inakurudisha hatua ya 2.

Sentensi ni moja: "Mama Neema, hasira zimenipanda. Natoka, saa 3 nitakuwa nimerudi." Hakuna "umenichosha". Ofisini mwambie aitamke, asimame, atoke mlangoni kweli, arudi. Atacheka, mwache acheke, kisha arudie. Asiyeweza kuisema akiwa anacheka hataiweza taya likiwa limekaza.

Muda usipungue dakika 20. John Gottman, mtafiti wa wanandoa wa Marekani, ndiye aliyeieneza hoja kwamba mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika mtu hasikii vizuri anachoambiwa, na mwili unahitaji angalau muda huo kutulia. Mimi napendelea dakika 30. Apime mwenyewe: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, ahesabu mapigo kwa sekunde 30, azidishe mara mbili. Napenda kipimo hiki kuliko "ukijisikia umetulia", maana mwenye hasira hujiona ametulia dakika ya tatu.

Wapi? Kwa waliopanga chumba kimoja hakuna "chumba kingine", basi iwe barazani, uani, au kutembea hadi barabara kubwa na kurudi. Baa hapana. Kuendesha pikipiki au gari hapana. Kwa mama yake kusimulia, hapana kabisa. Anawe uso, Mwislamu achukue udhu, jambo ambalo wengi wamefundishwa tangu madrasa. Asichotakiwa kufanya ni kupanga majibu njiani, kwani anayepanga majibu anarudi na mapigo yaleyale.

Sasa kurudi. Akisema saa 3, iwe saa 3. Akishindwa, apige simu. Pumziko lisilo na kurudi ni kununa kwa jina jipya. Mke akiziba mlango au akimfuata nje, usikimbilie kumlaumu; mara nyingi ameshaachwa hivyo na mtu akarudi alfajiri. Mume asimsukume apite: akae chini palepale, anyamaze. Akitimiza saa aliyotaja mara tatu nne mfululizo, huenda mlango ukaacha kuzibwa. Akirudi aseme "nimerudi", aulize waendelee sasa au kesho, na kesho hiyo itajwe saa. Kisha angalia daftari: pumziko likitokea kila ada ya shule inapotajwa, anaikwepa ada.

6. Kikao cha pamoja

Baada ya wiki sita hivi, na mke akiwa amekuambia akiwa peke yake kwamba haogopi kuongea mbele ya mumewe. Mkalishe karibu na mlango. Mada iwe moja, ndogo, dakika 40. Kesho yake mpigie mke, saa ambayo yeye mwenyewe amekuambia ni salama, umuulize njiani kurudi nyumbani kulikuwaje.