Madeni ya mwenzio kabla ya kuomba mkopo wa nyumba

Wawili wanapoomba mkopo wa nyumba kwa pamoja hapa Tanzania, afisa mikopo hutazama salari slipu zao kabla hajafika kwenye ramani. Anatafuta makato ya mwezi. Ukubwa wa deni lenyewe haumshughulishi sana. Deni la milioni 2 linalokatwa laki mbili kila mwezi linawaumiza kuliko la milioni 12 linalokatwa laki moja na nusu. Wengi hapa ndipo wanapokosea: hujinyima mwaka mzima kupunguza deni kubwa, na uwezo wao wa kukopa unabaki palepale.

Shikeni kipimo hiki. Kwa riba ya asilimia 15 na miaka 20, mkopo wa milioni 60 una rejesho la kama 790,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kila laki moja ya makato inakula takribani milioni 7.6 ya mkopo ambao mngeweza kupewa.

Kwanza, karatasi mezani

Kila mmoja alete salari slipu za miezi mitatu, taarifa ya akaunti ya benki na ya simu ya miezi sita, taarifa ya SACCOS, salio la HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (huulizwa kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne), na ripoti ya mikopo kutoka kampuni za taarifa za mikopo, Creditinfo au Dun & Bradstreet. Mwenzi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumkata HESLB, kwa hiyo deni lake linaweza kukaa kimya miaka kadhaa. Liulizieni hata kama anasema alishalisahau.

Taarifa ya simu isomwe mstari kwa mstari. Songesha (mkopo mdogo wa M-Pesa salio lisipotosha) inayokatwa kila pesa ikiingia, au malipo ya elfu ishirini ishirini kwa kampuni isiyofahamika, ndiyo alama ya mikopo ya mtandaoni.

Yapo madeni ambayo hakuna karatasi itakayoyaonyesha: kikoba, duka la mtaani, mkopeshaji binafsi, na udhamini. Udhamini ndio unaofichwa zaidi kwa sababu aliyedhamini hajioni ana deni. Mkopaji akishindwa, akiba ya mdhamini kwenye SACCOS inashikwa, na huenda ndiyo akiba mliyoitegemea kwa mchango wenu wa kwanza. Benki nyingi hutaka mchango wa asilimia 10 hadi 20 ya bei.

Hesabu ya theluthi

Mtumishi wa umma lazima abaki na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Tuchukue mshahara wa 1,600,000. PSSSF, yaani pensheni, asilimia 5 ni 80,000. NHIF, yaani bima ya afya, asilimia 3 ni 48,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inayokokotolewa kwa 1,520,000 baada ya kutoa pensheni, ni 284,000. HESLB asilimia 15 ni 240,000. Jumla 652,000, anabaki na 948,000. Theluthi ya mshahara ni 533,333, haiguswi. Nafasi iliyopo kwa mikopo yote ni 414,667, na ada ya chama cha wafanyakazi bado hatujaitoa.

Sasa awe na mkopo wa benki wa 380,000 kwa mwezi. Nafasi inashuka hadi 34,667, inayobeba mkopo wa nyumba wa milioni 2.6, yaani bati na misumari. Mwenzake mwenye mshahara uleule, bila HESLB wala mkopo, anabeba karibu milioni 49.7.

Lipi lilipwe kwanza

Kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, ndiyo ya kwanza, hata kama haionekani popote. Laki tano kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi inadai laki moja kila mwezi na deni liko vilevile. Siku ya kumaliza, mrudishiwe kadi ya benki au hati mliyoacha, na namba ya siri ibadilishwe siku hiyohiyo. Ulizeni pia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu ya daraja la pili (ya wakopeshaji wasiopokea amana). Asiye nayo anaendesha biashara hiyo kinyume cha sheria, na hilo linawapa nguvu mezani.

Baada ya hapo, gawanyeni salio la kila deni kwa rejesho lake la mwezi. Lenye jibu dogo ndilo la kumaliza. Kama ule mkopo wa benki umebakiza milioni 3, jibu ni chini ya 8: kwa milioni 3 mnafungua nafasi ya karibu milioni 29. HESLB yenye salio la milioni 9 inatoa jibu la 37.5, na ikiisha inafungua milioni 18 tu. Tangu tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilipofutwa mwaka 2021, deni hilo halikui mkilisubirisha. Liacheni liendelee kukatwa.

Benki nyingine ikijitolea kununua mkopo wa mwenzio, rejesho litashuka kweli, lakini muda utaongezwa na mara nyingi utapewa pesa ya ziada mkononi. Pesa hiyo ndiyo mtego. Kabla ya kukubali, ulizeni ada ya kumaliza mkopo mapema na jumla yote mtakayolipa hadi mwisho.

Deni likiisha, chukueni barua ya kumaliza deni yenye mhuri. Kisha subirini slipu: makato kuendelea mwezi mmoja au miwili baada ya deni kuisha ni jambo la kawaida, na benki ya nyumba itahesabu kinachoonekana kwenye slipu.

Pesa yako ikilipa deni lake

Andikeni kama ni zawadi, mkopo, au sehemu kubwa zaidi ya nyumba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu umiliki wa pamoja, ambapo anayebaki hai huchukua yote, na umiliki kwa hisa, mfano 60 kwa 40, ambapo hisa ya marehemu huenda kwa warithi wake. Palipo na madeni, hisa zilizoandikwa hurahisisha mambo: mdai mwenye hukumu ya mahakama anajua fungu lipi ni la mdaiwa.

Mkiamua asiye na deni aombe peke yake, wanandoa wajue kuwa kifungu cha 114 cha sheria hiyo bado kinataka ridhaa ya mwenzi ili nyumba ya ndoa iwekwe rehani. Ambaye jina lake halimo kwenye hati atunze risiti za alichochangia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamruhusu kuweka zuio kwa msajili wa hati.

Pelekeni maombi mkiwa na slipu mbili mfululizo zisizo na makato ya zamani. Tangu siku hiyo hadi pesa itoke, asikope mtu Songesha wala asimdhamini mtu yeyote, hata shemeji, maana benki huweza kuvuta ripoti ya mikopo mara ya pili kabla ya kuidhinisha malipo.